Dawa ya Kuwatisha Wezi Iliyookoa Mashamba

Ndugu wakulima, wengi wenu mmepata kuiona dawa ya rangi ya samawati ikipigwa katika mashamba ya kahawa. Baada ya kupigwa, majani ya mibuni hubaki na madoadoa kana kwamba yamerushiwa rangi ya ukuta. Dawa hiyo asili yake ni shaba nyekundu, madini yale yale yanayotengenezewa nyaya za umeme. Imewatumikia wakulima wa zabibu, viazi, nyanya na kahawa kwa zaidi ya miaka 130, na hata leo inauzwa madukani.

Lakini ni wachache wanaojua jinsi ilivyopatikana. Hapo mwanzo haikutengenezwa iwe dawa ya mimea. Ilikuwa hila ya wakulima wa Ufaransa ya kuwazuia wapita njia wasile zabibu zao. Tena, miaka mingi kabla ya hapo, watu wengine walikuwa wamekwisha kuona kwa macho yao kwamba shaba huzuia ugonjwa wa mimea, ila habari zao hazikufuatwa. Katika miaka hiyo hiyo watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi katika nchi moja ya Ulaya, kwa sababu ya ugonjwa ambao shaba ingeweza kuuzuia.

Habari hizi ni za mbali, lakini zinatuhusu sisi tunaolima viazi na kahawa. Basi na tuzifuate moja baada ya nyingine.

MWALIMU NA CHOMBO CHA SHABA

Mwaka 1807, katika mji wa Montauban, kusini mwa Ufaransa, mwalimu mmoja jina lake Bénédict Prévost alitoa kitabu kidogo juu ya ugonjwa wa ngano. Ugonjwa huo hugeuza punje za ngano kuwa vumbi jeusi kama masizi, lenye harufu mbaya ya samaki aliyeoza. Unga wa ngano hiyo ulikuwa haufai, na mkulima alipata hasara kubwa.

Bwana Prévost alilichukua vumbi lile jeusi, akalitia katika maji, akalitazama kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo. Akaona kwamba kila chembe ya vumbi ilikuwa kama mbegu. Ilichipuka na kutoa kijimzizi. Kumbe vumbi lile lilikuwa mbegu za kuvu, yaani kiumbe cha jamii ya uyoga, ambacho huingia katika mmea mchanga wa ngano na kukua pamoja nao.

Kisha akaona jambo la pili. Maji yaliyokuwa yamekaa katika chombo cha shaba hayakuziotesha mbegu zile. Zilikaa humo bila kuchipuka. Akajaribu kwa maji yenye mrututu kidogo, na matokeo yakawa yale yale. Mrututu ni yale mawe ya samawati yaliyotengenezwa kwa shaba, ambayo watu wa pwani waliyatumia zamani kuchomea vidonda. Basi Bwana Prévost akawashauri wakulima waoshe mbegu za ngano kwa maji ya mrututu kabla ya kupanda.

Wataalamu wa Paris hawakukubali. Siku hizo watu wengi wenye elimu waliamini kwamba kuvu haileti ugonjwa. Walisema mmea huugua kwanza kwa sababu ya hewa mbaya au mvua, kisha kuvu hutokea katika mmea uliokwisha kuoza. Ni kama mtu anayeona funza katika nyama iliyooza na kusema kwamba nyama ndiyo iliyowazaa. Wakulima wengine waliifuata njia ya kuosha mbegu kwa mrututu, ikawafaa. Lakini hakuna aliyefikiri kwamba shaba hiyo ingeweza kuwekwa juu ya majani ya mimea mingine.

NJAA YA IRELAND

Sasa twende Ireland. Viazi, au waru kama wengi wetu tunavyoviita, asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Vilifika Ulaya katika karne ya 16. Huko Ireland vilistawi sana, kwa maana nchi ina mvua na ubaridi kama nyanda zetu za juu. Kipande kidogo cha shamba kiliweza kulisha jamaa nzima. Watu maskini wapatao milioni 3 walikula viazi karibu peke yake, na mtu mzima mwenye kazi ngumu aliweza kula kilo 5 au 6 kwa siku. Wengi wa maskini hao walipanda aina moja tu, iliyoitwa Lumper, kwa sababu ilizaa sana hata katika udongo dhaifu.

Mwaka 1845 ugonjwa mpya ulitokea katika viazi vya Ubelgiji. Kabla ya mwaka kwisha ulikuwa umeenea nchi nyingi za Ulaya, na mnamo Septemba ukafika Ireland. Majani yalipata mabaka meusi, mashina yakanyauka, na shamba lililokuwa kijani likageuka jeusi kwa siku chache. Watu walipochimba waliona viazi vimeoza. Vingine vilionekana vizima vilipochimbwa, kisha vikaoza ghalani.

Mwaka 1845 sehemu kubwa ya mavuno ilipotea. Mwaka 1846 karibu mavuno yote yalipotea. Aina ya Lumper haikuwa na nguvu yoyote ya kuuzuia ugonjwa huo, na kwa kuwa watu wengi walipanda aina hiyo moja, ni mashamba machache tu yaliyoponyoka na kuweza kuwasaidia majirani.

Njaa hiyo iliendelea mpaka yapata mwaka 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama, hasa kwenda Marekani. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilionyesha watu zaidi ya milioni 8 nchini Ireland. Hesabu ya mwaka 1851 ilionyesha milioni 6 na nusu tu. Tusiseme kwamba ugonjwa wa viazi peke yake ndio uliowaua. Nafaka na ng'ombe waliendelea kupakiwa melini kupelekwa Uingereza wakati watu walikuwa wakifa, kwa sababu maskini hawakuwa na fedha ya kununua, na wengi wao walilima kwa kukodi mashamba ya mabwana wakubwa. Lakini jambo lililoanzisha msiba ule lilikuwa ugonjwa wa majani ya viazi, ugonjwa tunaouita leo blaiti.

MOSHI WA SWANSEA

Wakati watu wa Ireland walipokuwa wakifa, dalili ya dawa ilionekana ng'ambo ya bahari nyembamba, huko Wales. Karibu na mji wa Swansea palikuwa na viwanda vikubwa vya kuyeyusha shaba. Moshi wake ulitanda juu ya mashamba ya jirani. Mwaka 1846 mtu mmoja wa huko alitoa habari katika gazeti la wakulima wa bustani kwamba viazi vilivyokuwa karibu na viwanda hivyo, mahali moshi ulipopitia, havikupata ugonjwa, hali viazi vya mbali kidogo vilioza.

Habari hiyo ilisomwa, kisha ikasahauliwa. Hakuna aliyekumbuka maneno ya Prévost ya mwaka 1807. 

Sababu ilikuwa ile ile ya zamani. Mwaka huo huo wa 1846 kasisi mmoja Mwingereza, Miles Joseph Berkeley, aliyekuwa fundi wa kuchunguza kuvu, aliandika kwamba kuvu ndiyo inayoleta ugonjwa wa viazi. Wakubwa wengi wa elimu ya mimea walimpinga. Walishikilia kwamba viazi vimekunywa maji kupita kiasi kwa ajili ya mvua nyingi, na kuvu imefuata nyuma. Mtu anayeamini kwamba mvua ndiyo adui hawezi kutafuta dawa ya kuvu.

Ilipofika mwaka 1861 Mjerumani aliyeitwa Anton de Bary alikata shauri hilo kwa majaribio. Alichukua mimea mizima ya viazi, akaitia mbegu za kuvu baadhi yake na nyingine akaiacha. Ile iliyotiwa iliugua, ile iliyoachwa ikabaki salama, ingawa yote ilikaa katika hewa ile ile yenye unyevu. Baadaye, mwaka 1876, alikipa kiumbe hicho jina la kitaalamu lenye maana ya mwenye kuangamiza mimea. Wataalamu wa siku hizi wanakihesabu mbali na kuvu za kweli, lakini kazi yake ni ile ile aliyoionyesha de Bary.

ZABIBU ZA KANDO YA NJIA

Sasa turudi Ufaransa. Huko watu wengi waliishi kwa kilimo cha mizabibu, ambayo matunda yake hutengenezewa mvinyo. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo aliyetoka Amerika alianza kuiua mizabibu kwa kunyonya mizizi yake. Wakulima waliokolewa kwa kuleta mizabibu ya Amerika ambayo mizizi yake haimwogopi mdudu huyo, na kupandikiza juu yake vikonyo vya mizabibu ya Ufaransa, kama tunavyopandikiza maembe, maparachichi na machungwa.

Lakini kulikuwa na balaa la pili. Mwaka 1878 ukungu mpya ulionekana katika majani ya mizabibu ya Ufaransa. Nao ulitoka Amerika. Majani yalipata mabaka ya manjano, chini yake pakaota utando mweupe, kisha yakakauka na kuanguka kabla zabibu hazijaiva. Mzabibu usio na majani hauwezi kuivisha matunda vizuri. Ukungu huo, msomaji, ni ndugu wa karibu wa blaiti ya viazi.

Katika chuo kikuu cha Bordeaux alikuwako profesa wa elimu ya mimea, jina lake Alexis Millardet. Mwishoni mwa Oktoba 1882 alikuwa akipita katika mashamba ya mizabibu ya Saint-Julien, katika nchi ya Médoc karibu na Bordeaux. Mwaka huo ukungu ulikuwa umeangusha majani. Lakini alipokuwa njiani akaona kwamba mistari iliyo kando ya njia ilikuwa bado na majani yake, na mistari ya ndani ilikuwa imepukutika. Alipokaribia akaona majani yale ya kando ya njia yana utando wa rangi ya samawati.

Profesa hakupita tu. Alikwenda kumwuliza msimamizi wa shamba, Bwana Ernest David. Msimamizi akamweleza kwamba ni desturi ya watu wa Médoc. Zabibu zinapoanza kuiva, wapita njia huzichuma. Kwa hiyo wakulima huchanganya mrututu na chokaa na kuyarushia majani ya mistari ya kando ya njia. Mpita njia akiiona rangi ile hudhani zabibu zimetiwa sumu, na hamu ya kula humwisha.

Hapo Profesa Millardet akafahamu kwamba rangi ya kuwatisha wezi ilikuwa imeutisha na ukungu pia. Ajabu ni kwamba wakulima wenyewe walikuwa wakipita hapo kila siku, na walikuwa wameona mistari ile ina majani, lakini hawakuuliza kwa nini.

MAJARIBIO YA MIAKA MITATU

Profesa hakukimbia kutangaza. Tangu mwaka 1883 alianza kujaribu pamoja na Bwana David. Walijaribu michanganyiko mbalimbali ya shaba, ya chuma na ya chokaa, wakiacha mizabibu mingine bila dawa ili waone tofauti. Mwenzake Ulysse Gayon, aliyekuwa mtaalamu wa kemia, alimsaidia katika kazi ya maabara. Mwaka 1885 ukungu ulikuja kwa nguvu, na tofauti ikawa wazi kwa kila mtu. Mizabibu iliyopigwa dawa ilikuwa kijani na yenye matunda. Isiyopigwa ilikuwa miti mitupu.

Kipimo chake cha kwanza kilikuwa hivi: kilo 8 za mrututu katika lita 100 za maji, na kilo 15 za chokaa kali katika lita 30 za maji, kisha vyote viwili vikachanganywa mpaka vikawa kama uji mwepesi wa samawati. Watu waliubeba mchanganyiko huo katika ndoo, wakachovya vifagio vidogo na kuyarushia majani, wakiangalia usiyaguse matunda. Baadaye ilionekana kwamba dawa nyepesi kuliko hiyo inatosha. Pia mafundi wa Ufaransa, kama Victor Vermorel, walitengeneza bomba la kubeba mgongoni lenye kupuliza dawa kama ukungu mwembamba. Bomba unalobeba leo ni la ukoo huo huo.

Watu waliogopa kwamba shaba ingeingia katika mvinyo na kuwadhuru wanywaji. Profesa na mwenzake walilipima jambo hilo, wakaona kwamba shaba inayobaki baada ya mvinyo kuchachuka ni kidogo mno. Ndipo wakulima wakaipokea dawa. Katika miaka michache ilienea nchi nyingi, ikitumiwa katika mizabibu na katika viazi pia. Ireland nayo ikaanza kupiga viazi vyake dawa ya shaba, yapata nusu karne baada ya njaa kuu.

JINSI DAWA INAVYOFANYA KAZI

Mbegu za kuvu ni ndogo kuliko vumbi, na upepo huzibeba mbali. Zikiangukia jani kavu hazina nguvu. Zikiangukia jani lenye umande au mvua, mbegu za blaiti hutoa vijidudu vinavyoogelea katika maji yale, kisha huchipuka na kupenya ndani ya jani kwa muda wa saa chache.

Shaba iliyokauka juu ya jani hungoja hapo. Maji yakija, sehemu ndogo sana ya shaba huyeyuka, na hiyo yatosha kuua mbegu ya kuvu kabla haijapenya. Kazi ya chokaa ni kuondoa ukali wa mrututu usichome majani, na kuifanya dawa ishike isioshwe upesi na mvua.

Basi ndugu mkulima, angalia neno hili. Shaba ni kama askari anayesimama mlangoni. Adui akiwa amekwisha kuingia ndani ya jani, askari wa mlangoni hawezi kumtoa. Mkulima anayengoja mpaka aone mabaka meusi ndipo akimbilie dukani kununua dawa ya shaba amechelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

UJERUMANI YAKOSA SHABA

Ili mjue thamani ya dawa hiyo, kumbukeni mwaka 1916. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikiendelea. Huko Ujerumani shaba yote ilitakiwa kwa kutengeneza risasi, mizinga na nyaya, na wakulima hawakupata ya kupigia viazi. Mwaka huo ulikuwa wa mvua na ubaridi. Blaiti ikaingia, na mavuno ya viazi yakapungua karibu nusu. Pamoja na hayo, meli za Uingereza zilizuia chakula kisiingie, na vijana wa kulima walikuwa vitani. Watu wa mijini walikula tanipu, chakula walichozoea kuwapa ng'ombe, na mpaka leo Wajerumani huuita wakati ule majira ya baridi ya tanipu.

KATIKA NCHI YETU

Blaiti ya viazi iliingia Kenya mwaka 1941. Tangu hapo haijatoka. Katika nyanda za juu, wakati wa mvua na ukungu, wako wanaosema viazi vimechomwa na baridi. Ni kweli kwamba baridi kali ya usiku huunguza majani. Lakini mara nyingi kinachoonekana ni blaiti, na mkulima anayelaumu baridi hatafuta dawa, kama wale wazee wa Ulaya waliolaumu mvua. Geuza jani asubuhi na mapema, ulitazame upande wa chini. Ukiona utando mweupe kuzunguka baka jeusi, hiyo ni blaiti.

Katika kahawa, ugonjwa wa kuozesha matunda mabichi ulionekana kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1922. Dawa za shaba zimetumika sana kuuzuia, pamoja na ugonjwa wa kutu ya majani. Baadaye kituo cha utafiti cha Ruiru kilitoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, na Batian mwaka 2010, ambazo zina nguvu ya kuyazuia magonjwa hayo mawili. Mbegu yenye nguvu na dawa husaidiana.

Kuhusu viazi, wengi wetu twapanda Shangi, kwa sababu hukomaa upesi, huiva upesi jikoni na wanunuzi huitaka. Lakini Shangi hushambuliwa na blaiti. Mtaa mzima ukipanda aina moja inayoshambuliwa, hali hiyo inafanana na ile ya Lumper. Uliza ofisi ya kilimo au kituo cha utafiti wa viazi cha Tigoni juu ya aina nyingine zenye nguvu zaidi, upande hata sehemu ya shamba lako.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza, tumia mbegu safi. Usipande viazi vilivyotoka katika shamba lililougua.

Pili, ng'oa viazi vinavyojiotea baada ya mavuno, na ufukie kwa kina vile vilivyooza. Usivitupe kando ya shamba. Blaiti hujificha humo ikingoja mvua.

Tatu, palilia na kuinua matuta vizuri, ili mvua isioshe mbegu za kuvu kutoka majanini mpaka kwenye viazi vilivyo chini ya udongo.

Nne, piga dawa ya kukinga kabla ugonjwa haujaonekana, wakati wa mvua na ukungu unapokaribia. Hakikisha dawa inafika chini ya majani pia. Siku hizi kuna dawa za aina nyingi, za shaba na zisizo za shaba. Soma maandishi ya pakiti na ufuate kipimo. Dawa nyingi kupita kipimo ni hasara, na huweza kuunguza majani.

Tano, mrututu ni sumu. Usiuchanganye katika chombo cha chuma, kwa maana hukila. Usioshe bomba mtoni, kwa kuwa shaba huua samaki. Wenye kondoo waangalie sana: kondoo hudhurika kwa shaba upesi kuliko ng'ombe, basi wasilishwe majani yaliyopigwa dawa hiyo.

Sita, shaba haiozi. Ile inayoanguka udongoni hubaki humo. Mashamba mengi ya mizabibu ya Ulaya yana shaba nyingi iliyokusanyika kwa zaidi ya miaka mia, nayo huwadhuru minyoo na viumbe vingine vya udongo. Kwa hiyo katika nchi za Umoja wa Ulaya mkulima haruhusiwi kupita kilo 28 za shaba katika hekta moja kwa miaka 7. Nasi tuitumie kwa kiasi.

KUULIZA NA KUJARIBU

Tumeona watu wa aina mbili katika habari hizi. Wako walioona jambo na kulipita. Watu wa Swansea waliona viazi vizima ndani ya moshi. Wakulima wa Médoc waliona mistari ya kijani kando ya njia. Tena yuko aliyeona, akauliza, akajaribu kwa miaka mitatu kabla ya kusema. Kati ya kitabu cha Prévost na dawa ya Millardet ilipita miaka 78, na njaa ya Ireland iliangukia katikati.

Katika skimu zetu kila mkulima ana kipande chake, na hakuna vipande viwili vilivyo sawa. Mahali fulani mahindi hustawi kuliko kwingine. Mstari fulani wa maharagwe haukupata kutu. Ng'ombe wa jirani hawana kupe wengi kama wako. Mambo kama hayo yana sababu. Yaandike katika daftari pamoja na tarehe, mbegu uliyopanda, mbolea uliyotia na mvua ilivyonyesha. Kisha muulize jirani, na umwulize afisa wa kilimo anapopita. Kuuliza si ujinga.

Ukitaka kujaribu mbolea, nafasi ya kupandia au mbegu mpya, tenga mistari michache ya jaribio, na mistari mingine iliyo kando yake uilime kwa njia yako ya kawaida. Vuna mbali mbali na upime kwa mizani, kwa sababu jicho hudanganya. Lakini kwa ugonjwa unaochukuliwa na upepo, kama blaiti, usiache mistari bila dawa kwa kujaribu pasipo shauri la afisa wa kilimo. Mistari hiyo itaugua na kuwaambukiza majirani zako wote.

Mwenye kuona jambo la ajabu katika shamba lake, liwe jema au baya, asilifiche. Na alete habari katika ofisi ya kilimo iliyo karibu naye, pamoja na jani au punda la mmea wenyewe likiwa limefungwa katika karatasi, ili lichunguzwe.